Mama aliyeandikwa «ménagère»

Juma hili, kwenye bureau moja ya mji wa Butembo, mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliulizwa kazi yake na karani aliyejaza fomu.

«Chercheur,» akajibu, yaani mtafutaji au mtafiti.

«Ya zahabu, kule migodini Manguredjipa?» karani akasema. Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka.

«Hapana, ya chimie, kemia. Napimaka dawa kwa hesabu. Hesabu ni kubwa, donc ordinateurs, kompyuta elfu moja, zinaigawana.»

Karani akaandika ménagère, mama wa nyumbani. Yule mama akalikata neno kwa kalamu yake ya bic, akaandika chercheur, akaondoka bila kututazama.

«Na wewe?» karani akaniuliza.

«Journaliste.»

Karani akaandika bila kuuliza lolote. Nilitoka nikiona haya. Kazi yangu ni kuuliza watu, lakini mama yule sikumuuliza hata neno moja, nilimcheka tu.