Hapana ya Mnadani

Makoye alijulikana kwa mambo mawili katika vijiji vya kandokando ya Rujewa: mpunga wake haukuliwa na ndege, na yeye mwenyewe hakumwamini mtu. Ukimsalimia aliitika, tena kwa adabu, lakini macho yake yalipita begani kwako kutazama umeongozana na nani. Vijana walimbatiza Mzee Nani Kakutuma, maana hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa kila mgeni, awe mchungaji wa kanisa, muuza sufuria au mkwe aliyekuja kuposa.

Tusimcheke haraka. Alitoka Meatu akiwa kijana, akiwaswaga ng'ombe wa baba yake mpaka bonde la Usangu, na huko akajua maana ya kuambiwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Safari moja walikuja watu wenye kamba na vigingi. Wakapima, wakapiga picha, wakacheka na watoto. Msimu uliofuata familia kadhaa zikaambiwa zihame. Safari nyingine akaja bwana mmoja mpole akitaka majina ya wafugaji ili awaletee dawa ya mifugo. Dawa haikuonekana, ila zizi la Makoye lilipungua ng'ombe wawili, na bwana mpole hakuonekana tena. Tangu hapo mgeni akiwa mpole Makoye alikwenda kuhesabu ng'ombe wake upya.

Mtu pekee aliyethubutu kumtania kwa hilo alikuwa mkewe, Kulwa. Huyu mama alikuwa na sauti, jamani. Wanawake walipoingia majarubani kupandikiza mpunga, Kulwa ndiye aliyeanzisha nyimbo, na alizitunga mwenyewe. Kikundi kingine kikitaka kuimba wimbo wake kilikuja kwanza kuomba, na wasioomba aliwafuata kwao akawasema hadharani mpaka wakaona aibu. Wimbo uliopendwa kuliko zote ulimsema mumewe. Ulisema, kwa Kisukuma, kwamba mvua imenyesha na watu wote wanashangilia, ila Makoye wangu amesimama mlangoni anaihoji mvua, nani kakutuma. Makoye alijifanya amenuna. Lakini siku za kupandikiza hakukosa kazi ya kufanya karibu na majaruba, ili mradi ausikie.

Kulwa aliugua moyo, akafa. Simu zao zilikuwa za kitochi, hazikuhifadhi kitu, na sauti yake ikaenda naye. Miaka ikapita, na Makoye akagundua jambo lililomtia hofu kuliko ukame: maneno ya wimbo aliyakumbuka yote, lakini sauti yenyewe ilikuwa inamponyoka. Akijaribu kuisikia kichwani ilikuja sauti ya mwanamke yeyote tu. Hili hakumwambia mtu.

Ndipo akaja Yusta.

Alishuka kwenye bodaboda akiwa ameshika viatu mkononi kwa sababu ya matope, akapiga goti kidogo kama walivyolelewa mabinti wa milimani Mbeya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

Akasema ametumwa na maktaba ya chuo kikuu kimoja cha Mbeya mjini. Kazi yake ni mambo ya hakimiliki, yaani kuangalia kwamba kila kitabu, picha au video inayofundishia pale chuoni imeruhusiwa na mwenyewe.

"Unamkumbuka Edmund, baba? Alikuja hapa akiwa mwanafunzi, akamrekodi mama majarubani."

Makoye alimkumbuka: kijana mwembamba aliyetumbukia kwenye mfereji huku ameinua kamera juu isilowe.

"Sasa ni mwalimu. Hiyo video huwa anawaonyesha wanafunzi wake. Juzi chuo kingine cha Iringa nacho kimeiomba. Ndio tukakuta hakuna mtu aliyewahi kuja kuomba ruhusa kwa familia. Hilo ni kosa letu. Nimekuja kuomba."

Akafungua kompyuta yake, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Kulwa akatokea, matope yamemfika magotini, khanga imefungwa kiunoni, anacheka na mtu asiyeonekana. Kisha akaanza kuimba.

Makoye alisimama wima. Ilikuwa ndiyo sauti yenyewe, na ule mkwaruzo wake mwishoni mwa kila mstari ambao alikuwa ameusahau kabisa. Alitamani kuigusa ile kompyuta. Badala yake akaenda nyuma ya nyumba, akajifanya anamfukuza mbuzi ambaye hakuwepo, akafuta uso kwa kiganja, akarudi.

"Mnataka nini hasa?" akauliza.

Yusta akamweleza habari ya leseni. Wimbo utabaki wa familia. Chuo kitaruhusiwa kuuonyesha darasani tu, pamoja na kile cha Iringa, na si kuuza wala kuuweka mitandaoni. Akikubali ataweka dole gumba. Akikataa, video itaondolewa na kufutwa kila mahali, kwa sababu ndio utaratibu.

Sasa tazama akili ya Makoye ilivyokwenda. Watu waliomwibia maishani mwake hawakuwahi kuomba ruhusa. Huyu ametoka Mbeya mpaka kwenye matope haya kuja kuomba kitu ambacho tayari anacho mkononi! Hapo pana jambo. Ama wimbo una faida kubwa ambayo hajaambiwa, ama dole gumba lile litakwenda kukaa mahali pengine. Na hata kama binti ni mkweli, mtu hauzi ng'ombe kwa neno la kwanza. Mnadani, ambako Makoye alikulia, mwenye ng'ombe huanza kwa kukataa. Anasema siuzi, anageuka, anaanza kumswaga mnyama wake kurudi nyumbani. Mnunuzi wa kweli atamfuata. Tapeli atakwenda kwa mwingine. Hata mahari zilianza hivyo, na yeye mwenyewe alikataliwa na baba yake Kulwa akarudi, akakataliwa akarudi tena.

"Sitaki," akasema. "Futeni."

Yusta alishtuka. "Baba, nikupe muda ufikirie? Naweza kusubiri hata mwezi."

"Nifikirie nini? Nimesema futeni."

"Yote?"

"Yote. Na hiyo ya Edmund."

Binti akatoa flashi ndogo kwenye mkoba. "Basi pokea hii, baba. Ni kopi yenu ya familia. Hii haina masharti."

Makoye akaweka mikono nyuma. Loo! Mnadani ukishapokea chochote kutoka kwa mnunuzi, iwe pesa au hata sigara, ng'ombe si wako tena. Alimwona binti huyu ni mjanja kuliko alivyodhani. "Usiache kitu chako kwangu," akamwambia. Yusta akarudisha flashi mkobani, akaandika alichokisikia, akamsomea, akaaga kwa heshima zote.

Jioni Makoye alimsimulia jirani yake Mwigulu, dalali wa ng'ombe, ambaye maneno hayakumwisha.

"Umefanya vizuri," Mwigulu akasema. "Atarudi huyo. Mwenye shida na ng'ombe halali kwake."

"Nilimwona machoni. Anautaka."

"Akirudi usikubali haraka. Toa masharti."

Masharti aliyapanga, tena akayapenda. Kabla video haijaanza, jina la Kulwa litajwe, jina lote pamoja na la baba yake. Wanafunzi wasicheke pale anapoimba habari za Makoye, au wacheke kidogo. Na yeye apewe ile flashi, sasa apokee kwa mkono wa kulia, kwa sababu biashara imekwisha. Kijana wa kukoboa mpunga Rujewa alikuwa na redio inayochezesha flashi. Makoye alikwishamuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama inakubali sauti za watu wa kawaida. Alifurahi peke yake kama bwana harusi. Akatenga jogoo wa mgeni, na kila pikipiki iliyonguruma njiani alitoka kuitazama.

Mpunga ukachanua, ukaiva, ukavunwa. Yusta hakurudi.

"Huyo naye ana kiburi," Mwigulu akasema. Lakini Makoye hakuweza kungoja zaidi. Alimfunga jogoo miguu, akavaa koti la kanisani, akaenda Mbeya.

Maktabani Yusta alimtambua mara moja, akaja mbio kumpokea, akampa kiti. Alionekana mwenye furaha kwelikweli kumwona.

"Tulifanya kama ulivyosema, baba. Nilifuta mwenyewe siku niliyorudi, pamoja na ile flashi. Edmund naye akafuta ya kwake mbele yangu. Alisikitika sana, lakini alifuta."

Makoye alimtazama kwa jicho lile lile la kutafuta kamba mguuni. Hakuiona. Jogoo akapapatika sakafuni.

"Ile hapana ilikuwa ya mwanzo," akasema. "Mbona hukurudi?"

"Nirudi?" Furaha ikamtoka Yusta usoni. "Baba, mwenye wimbo akisema hapana, sisi tunaishia hapo. Kurudi ingekuwa kukulazimisha."

"Na Iringa?"

"Hatukuwatumia. Hatukuwa na leseni."

"Hawa wanafunzi wenu je? Kila mmoja ana simu. Vijana wa siku hizi wanaiba kila kitu."

"Tuliwakataza. Edmund alikuwa mkali sana kwa hilo, simu zilikusanywa mlangoni." Sasa machozi yalikuwa yanamlenga, kwa kuwa ameelewa. "Nisamehe, baba. Mimi nilidhani nakuheshimu."

"Uliniheshimu," Makoye akasema. Akamwachia jogoo, kwa sababu hakujua amfanyie nini kingine, akatoka.

Nje wanafunzi walikuwa wanatoka darasani, simu mikononi, wanacheka. Makoye akasimama pembeni ya njia, akaanza kuwachunguza nyuso mmoja mmoja, kama alivyochunguza nyuso za watu maisha yake yote. Kwa mara ya kwanza alimwomba Mungu amwonyeshe mwizi.

Kijana mmoja akapunguza mwendo, akamwamkia. Makoye akamshika mkono, hakumwachia.

"Niambie ukweli, mwanangu, sikupeleki popote," akasema. "Wewe hukuiba wimbo wa mke wangu?"