Kumbe Mama Hanioni

Kwetu Mbuji, mtu akiitwa kutoka ng'ambo ya bonde huitikia kwa nguvu, na mwitaji akatulia. Mwanafunzi wangu mmoja, binti mwenye usonji, haitikii. Mama yake alikuwa akimwita mpaka sauti inakauka, kumbe mtoto amechuchumaa palepale kwenye mibuni, anapanga kokoto.

"Kwa nini huitikii?" nilimuuliza.

"Mimi najua niko wapi."

Nilicheka, kisha kicheko kikaniisha. Kwake, akijua yeye, basi mama naye anajua! Majirani walimwita jeuri, nami nikawaka. Jeuri gani hiyo? Lakini mama alikuwa na lake: "Mwalimu, iko siku atatumbukia mtoni, na hataita."

Darasani nilijaribu midoli, mmoja anaona, mwenzake amefichwa haoni. Akaipanga kwa rangi, basi. Ndipo nikamwita mama yake, tukaenda wote shamba la shule. Sisi Wamatengo tunalima ngolo, yale mashimo yanayojaa mteremko mzima, mazao yakiota kwenye matuta yanayoyazunguka. Maharage yalikuwa yamestawi mpaka ukiwa chini huyaoni mashimo. Nikajilaza shimoni, mwalimu mzima na gauni la kazini! Mtoto alisimama juu yangu, mama akabaki chini mteremkoni.

"Mwalimu yuko wapi?" mama akauliza.

"Si huyu hapa!"

"Mimi simwoni, mwanangu. Njoo huku."

Akashuka, akasimama ubavuni mwa mama, akatazama. Maharage matupu. Akapanda mbio, akanikuta. Akashuka tena, akapanda tena, anahema, macho yamemtoka. "Mama hakuoni!" akapiga kelele. "Mama hakuoni kabisa!" Nilitamani kurukaruka humohumo shimoni. Tangu siku hiyo mchezo ukawa huo, yeye ndani, sisi tunaita, yeye anaitikia. Gauni langu halikutakata tena.

Lakini mchezo ni mchezo. Muhula ulipoisha tuliwapeleka wanafunzi ziwani. Ziwa Nyasa lilimetameta kwa jua, usipa, wale dagaa wa kwetu, umeanikwa kwenye vichanja ufukweni, watoto wanapiga kelele, nami nikageuka kidogo tu. Binti hayupo. Maji yalikuwa palepale! Nikaita. Nikaita tena.

"Mwalimu! Niko huku nyuma ya usipa! Wewe hunioni!"

Nilikimbia kama mwehu, nikapamia kichanja, usipa wa watu ukamwagika mchangani. Mwenye usipa alinifokea, nami nikamshukuru kwa furaha mpaka akanyamaza. Binti alisimama nyuma ya kichanja, analitazama ziwa.

"Mama haoni ziwa," akasema. "Mpigie."

Hilo sikuwa nimemfundisha. Nikapiga, nikamwekea simu sikioni.

"Mama, niko ziwani. Wewe huko hulioni, ndiyo maana nakuambia. Ni kubwa."

Mama akapiga vigelegele huko Mbuji, nami haraka nikaisogeza simu mbali na sikio la mtoto, maana kelele humuumiza.