Wino Kwenye Kidole cha Marehemu

Miaka ile wazungu wa pande za Eldoret walipokuwa wakiuza mashamba na kuondoka, mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya wakili mmoja mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sijaolewa, na watu wa nyumbani walishaanza kuniuliza ninangoja nini. Nilipanga chumba nyuma ya duka la mzee mmoja Msomali aliyekuwa na lori la kubebea mahindi. Jioni nilisoma.

Vitabu nilivipata Elgon View, mtaa wa wazungu na matajiri wa mji. Mama mmoja wa kizungu alikuwa anauza vyombo vyake kwenye veranda kabla ya kusafiri, na wenzangu walipokuwa wanagombania viti na sufuria, mimi niliondoka na katoni ya vitabu. Karibu vyote vilikuwa vya aina moja: hadithi za zamani, za enzi za magari ya farasi, na ndani yake mwanamke asiye na mume wala cheo, anayeuliza maswali mpaka mwuaji anajulikana. Vilinifundisha Kiingereza. Pia vilinizoesha kutazama mikono ya watu wanapoongea.

Ijumaa moja alifika mwenyekiti wa kikundi kilichokuwa kinanunua shamba la mzungu mmoja upande wa Kaptagat. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, na hakuvua koti hata jua likiwaka. Waliongea na wakili mlango ukiwa umefungwa, kisha wakili akaniletea karatasi ya kupiga. Ilisema kwamba mwanachama mmoja, mzee aliyekuwa mkamuaji wa ng'ombe wa yule mzungu, ameacha fungu lake la ardhi kwa hiari yake na kumpa mwenyekiti.

"Tarehe niweke ya leo?" nikauliza.

"Acha wazi," wakili akasema.

Jumamosi asubuhi nilitaka kugonga mhuri kwenye barua nikakosa pedi ya wino. Nilitafuta kila droo. Jumatatu niliikuta mezani kwangu, kifuniko kikiwa hakijakaza. Wino wetu ulikuwa wa zambarau. Wakili aliuagiza Nairobi kwa sababu hakutaka barua zake zifanane na za wengine. Ile karatasi ya shamba nayo ilikuwa imerudi, ina alama ya kidole gumba na tarehe ya Jumamosi. Niliiweka kwenye faili. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Wiki iliyofuata aliingia mama mmoja amefunga kitambaa cheusi kichwani. Wakili alikuwa ametoka. Nilimpa kiti, lakini alikaa ukingoni kama mtu anayejua atafukuzwa.

"Nimekuja kuuliza shamba la mzee wangu," akasema. "Walimpata Jumapili asubuhi amekufa kwenye korongo, kule msituni. Wanasema aliteleza akifuata ndama."

"Pole sana, Mama."

"Ndama wetu wote walikuwa zizini."

Nilipotambua mzee wake alikuwa nani, ilinibidi nimwambie ukweli: kwamba mwenyekiti alishapewa fungu lile, na mzee mwenyewe alitia kidole.

"Mzee wangu hakuwa mtu wa kutia kidole. Alienda ngumbaru miaka miwili ili ajue kuandika jina lake. Aliliandika hata kwenye mlango wa choo." Kisha akashusha sauti. "Binti yangu, mimi na dada yake ndio tulimwosha. Kidole hiki," akainua gumba lake la kulia, "kilikuwa na rangi ya zambarau. Tulisugua kwa sabuni na haikutoka."

Pedi ilikuwa mezani, katikati yetu. Niliivuta polepole nikaitia kwenye droo. Ofisi ile ilikuwa na funguo mbili tu, yangu na ya wakili. Na karatasi nilikuwa nimeipiga Ijumaa, mzee akiwa bado hai, bado anakamua ng'ombe wake.

Ningeweza kumwambia arudi siku nyingine. Badala yake nilimwuliza ni nani anayeshika daftari la mikutano ya kikundi. Akasema ni mwalimu wa shule ya karibu na shamba.

Nilienda kumwona mwalimu huyo nikijifanya natafuta nafasi ya shule kwa mdogo wangu. Nilipotaja daftari, alifunga dirisha.

"Dada, mimi nina watoto."

"Nataka kuona tu, mwalimu."

Alinionyesha. Katika kila mkutano jina la yule mzee lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa zilizolala upande. Hakukuwa na kidole hata mahali pamoja. Mwalimu alisema mzee alikuwa amekataa kuuza fungu lake, kwa kuwa ndilo lililokuwa na chemchemi, na bila chemchemi mafungu mengine ya mwenyekiti yalikuwa makavu.

Siku mbili baadaye mwenye nyumba wangu aliniita dukani. Alikuwa anapima sukari na hakuinua macho.

"Binti, kuna gari limesimama hapa mara mbili. Mtu wa ndani aliuliza wewe unalala chumba gani."

"Umemwambia nini, Mzee?"

"Nimemwambia umehama." Akafunga pakiti. "Kwa hivyo hama. Utalala na binti zangu."

Nililala na binti zake watatu, katikati, na kila gari lililopunguza mwendo nje nililisikiliza mpaka lipite. Kazini wakili alianza kuniuliza mambo madogo madogo: chakula cha mchana nakula wapi, rafiki zangu ni nani. Sijui kama alijua. Alitabasamu kila alipouliza.

Mkutano wa kikundi uliitwa Jumamosi. Asubuhi hiyo nilitoa karatasi kwenye faili, nikaificha ndani ya sweta, nikatoka bila kuaga. Mzee Msomali alitupeleka kwa lori lake, mimi na yule mjane.

Walikutana katika banda la kukamulia la yule mzungu, ambalo bado lilinuka maziwa. Mjane alisimama akaomba kusema. Nilisoma karatasi kwa sauti, kisha nikaipitisha watu waione alama. Mwalimu alikuwa amekaa nyuma, kichwa chini. Nilidhani hataweza. Akasimama, akafungua daftari, akalitembeza safu kwa safu.

"Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka," mwenyekiti akasema kwa utulivu. "Ndiyo sababu alitumia kidole."

"Ulitetemeka lini?" mjane akauliza. "Jumamosi asubuhi alikamua ng'ombe watatu. Alipotoka alisema wewe umemwita."

Katika vitabu vyangu, hapo ndipo mwuaji huvunjika na kukiri. Huyu alifunga kifungo cha koti lake akatazama saa. Kilichotokea ni kwamba mzee mmoja aliyekaa kando yake aliinuka, akachukua kiti chake, akaenda kukiweka upande wa mjane. Mwingine akafuata. Baada ya muda mwenyekiti alikuwa amebaki na watu wanne tu.

Siku hiyo hiyo karatasi ilifutwa na akaondolewa kwenye uongozi. Polisi waliandika maelezo yetu, lakini mzee alikuwa ameshazikwa na hakuna aliyeona kilichotokea korongoni. Hakuna aliyeshtakiwa. Jumatatu nilipofika ofisini kufuli lilikuwa limebadilishwa, na katoni yenye vitu vyangu ilikuwa nje ya mlango.

Nilinunua taipu kuukuu nikaanza kuwaandikia watu barua kwenye kibaraza cha lile duka. Mjane alipata fungu lake pamoja na chemchemi. Alipanda mahindi, akajenga, na nyumba yake haina dirisha upande wa msitu.

Yule mwenyekiti alinunua nyumba Elgon View. Kwa miaka mingi tulipishana mjini bila neno. Siku moja tu, kwenye foleni ya posta, alinikaribia akanisalimu kwa upole, akauliza kama mama yangu amepona mguu. Alitaja na kijiji chetu. Mimi sikuwahi kumwambia mtu yeyote Eldoret ninatoka wapi.