Nyumba Niliyoinunua Wakati wa Mvua

Kila ninapokwenda kununua nyumba, kabla sijaangalia bati wala ukuta, namwomba mke wa muuzaji anionyeshe choo. Mafundi wangu hunicheka. Wanasema bosi akiona nyumba tu, haja inambana. Waache wacheke, mimi nawalipa kwa kupiga lipu, siwalipi kwa kunielewa.

Biashara yangu ni kununua mapagala na nyumba zilizochoka huku kwenye ukanda wa dhahabu, kuanzia Mwakitolyo mpaka Geita, kuzitengeneza na kuziuza. Nilianza kwa udalali. Unakubaliana bei na mwenye nyumba, unamtafutia mnunuzi anayetoa zaidi, na kinachozidi ni chako, ndicho tunachokiita cha juu. Ni kazi ya miguu na mdomo, haitaki mtaji, lakini ina aibu yake, kwa sababu ipo siku muuzaji na mnunuzi watakutana sokoni waulizane bei. Nilipochoka kukwepa watu sokoni, nikaanza kununua mwenyewe.

Vijana wanaokuja kuniomba ushauri nawaambia mambo machache. Kagua nyumba mvua ikinyesha, kwa kuwa kiangazi kila bati ni zima. Gonga ukuta kwa funguo kule chini karibu na sakafu. Ukisikia mlio wa debe tupu, ujue lipu imeachana na tofali. Usipake rangi unayoipenda wewe. Mnunuzi wako ni mwalimu au muuguzi, anataka nyumba ambayo mama mkwe akija hataisema, basi. Anza na maji na choo, sebule itasubiri. Na kabla hujaongea na mwenye nyumba ongea na jirani, kwa sababu jirani hana anachouza.

Halafu nawaambia wanunue wakati wa mvua, na hapo macho huwatoka. Sababu ni maduara, haya mashimo marefu ya wachimbaji wadogo. Mvua ikikolea yanajaa maji, na mwenye duara anatafuta pampu kama mgonjwa anavyotafuta dawa. Wakati huo anauza nyumba kwa haraka ya mtu anayeuza kuku mwenye kideri. Naisema hivyo ilivyo, sijivuni. Nilichochelewa kukijua ni kwamba mvua hiyo hiyo inayojaza maduara ndiyo inayowapeleka wake zao kwao Shinyanga, kulima mpunga kwenye majaruba ya wazazi. Kwa hiyo msimu mzuri wa kununua nyumba kwa mchimbaji ndio msimu ambao mkewe hayupo.

Nyumba ninayoikumbuka ilikuwa nje kidogo ya Rwamgasa. Vyumba vitatu, matofali ya kuchoma, sakafu iliyosuguliwa mpaka inateleza. Choo cha shimo kilikuwa uani, nyuma ya migomba, mahali ambapo mgeni hawezi kukiona. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa makamo, mpole, macho mekundu kwa vumbi la mawe. Duara lake lilikuwa limejaa maji. Alikuwa na hakika kwamba mita chache chini ya yale maji kuna mwamba wenye dhahabu. Wote huwa na hakika, sijawahi kukutana na mchimbaji mwenye shaka.

Dalali mwingine alikuwa ameanza kuizunguka nyumba ile, nami nikaharakisha. Kwa jirani sikwenda.

"Mkeo yuko wapi?" nilimwuliza. "Bila mwenza kuridhia mimi sinunui."

"Yupo, mama. Kesho atakuja kusaini."

Kesho yake akaja na mwanamke kijana, kasuka vizuri, kitenge bado kina mikunjo ya dukani. Akaniamkia kwa adabu, tukakaa sebuleni kumsubiri mwenyekiti wa kitongoji. Baada ya muda akanisogelea, akaninong'oneza.

"Samahani, mama. Eti choo kiko wapi?"

Nikamwelekeza. Nilikuwa nimekikagua siku iliyotangulia, kwa hiyo nilijua njia. Akaenda, akarudi, akakaa. Mimi nilibaki nimeitazama ile sakafu inayoteleza. Hakuna mwanamke asiyejua choo cha nyumbani kwake. Huyu hakuwa mke wa nyumba hii, alikuwa ameokotwa huko machimboni aje kuandika jina, na mimi nilijua. Nilijua tangu alipoinuka kwenda. Nikajiambia labda ni mke wa pili, labda wameoana majuzi, labda wanaishi kambini. Mtu akishaitaka nyumba hakosi la kujiambia.

Mwenyekiti alipofika aliuliza anachopaswa kuuliza. "Huyu ndiye mwenza?"

"Ndiye," mchimbaji akajibu. Yule binti aliinamisha uso.

Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe mama, umeridhika?"

"Nimeridhika," nikasema.

Muhuri ukagongwa. Nimeshasema uongo mwingi katika biashara hii, kuhusu mabati, kuhusu mipaka, kuhusu maji ya bomba yanayokuja karibuni. Ule wa siku ile naona haya mpaka leo kuukumbuka, kwa jinsi ulivyotoka bila taabu.

Kazi niliyoifanya pale ilikuwa nzuri. Nilipiga lipu upya, nikaweka dari ya jipsamu, nikatandika vigae juu ya ile sakafu. Migomba niling'oa ili kiwanja kionekane kikubwa. Choo cha shimo nilikibomoa na kukifukia, nikajenga cha ndani, mwisho wa korido. Jikoni kulikuwa na kistoo kilichofungwa kwa kufuli. Tulipokivunja tulikuta magunia mawili ya michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, yameshonwa midomo kwa uzi wa katani, mshono wa mtu asiye na haraka. Fundi mmoja aliuliza tuyapeleke wapi. Nikamwambia waile. Waliichemsha, wakala na karanga, wiki baada ya wiki, na kila mara walinikaribisha. Mimi sikuonja.

Wakati mwingine jioni nilimkumbuka mama yangu. Nilizaliwa Mwadui, kwenye nyumba ya mgodi wa almasi alikofanya kazi baba, na alipostaafu tulihama kama wote wanavyohama. Siku ya kurudisha funguo mama alipiga deki vyumba vyote, kuanzia chumbani mpaka barazani, nyumba ambayo haikuwa yake hata siku moja. Nilikuwa msichana, nikamwona mjinga. Sasa nilikuwa nimesimama kwenye sakafu iliyosuguliwa na mwanamke mwingine, huyu nyumba ni ya kwake kabisa, na nilikuwa nimeifunika kwa vigae.

Mnunuzi alipatikana, mwalimu, mtu mwenye maneno machache. Tulipanga aje siku ya Ijumaa tuandikishane. Mchimbaji mwenyewe alikuwa ameshahama. Pampu ilinunuliwa, maji yakatoka, mwamba haukuonekana, akafuata machimbo mapya pamoja na wenzake.

Alhamisi asubuhi ilisimama bodaboda mbele ya nyumba. Akashuka mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na gunia la mchele limefungwa nyuma ya kiti. Alisimama akaitazama nyumba kuanzia bati mpaka msingi. Mafundi waliacha kazi. Nilitoka nje.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu. Ndivyo tunavyomsalimu mama asubuhi kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Alikuwa anatabasamu, tabasamu linalomshinda mtu kulizuia. "Kumbe duara limetema dhahabu! Na huyu mwanamume kwenye simu hata hasemi. Alitaka nije nishtukie." Akacheka, akampandisha mtoto vizuri mgongoni. "Wewe ndiye unayewasimamia mafundi, dada?"

Yeye hakusubiri jibu, safari ilikuwa ndefu na alikuwa amebanwa. Akapita pembeni ya nyumba haraka haraka, bila kumwuliza mtu, kama anavyopita mtu kwake, akaelekea kule kulikokuwa na migomba. Nilimfuata mpaka kwenye kona. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja mtupu, mkono mmoja mbele kidogo, pale pale ulipokuwa mlango wa bati. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Kisha akanirudia, bado anatabasamu lakini kwa haya.

"Dada," akasema, "choo kiko wapi?"

Nikamwelekeza. Mlango wa mwisho kwenye korido, nikamwambia, maji unavuta kwa kamba iliyo juu. Alivua kandambili mlangoni ili asichafue vigae. Alipokuwa ndani nilimpigia mwalimu simu, nikamwambia asije Ijumaa, nyumba ina mwenyewe. Akaniuliza mwenyewe si mimi? Nikakata simu.

Alipotoka alikuwa anaisifia dari. Nilimwomba aketi, akaketi juu ya gunia lake la mchele, nami nikakaa chini kwenye vigae, kwa sababu kiti hakikuwapo. Nikamweleza kila kitu: pampu, muhuri, yule binti na nywele zake za kusuka. Sikuacha swali la choo. Alisikiliza akiwa ameshika nyayo za mtoto mgongoni, na lile tabasamu likatoka polepole, mwisho likawa halipo.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua."

Nilitoa funguo kwenye mkoba nikaziweka kiganjani mwake. Nikamwambia twende wote kwa mwenyekiti tukaifute ile hati, na nilichotumia kwenye nyumba nitamdai mumewe. Ningempata wapi mumewe? Wote wawili tulijua hiyo ni lugha tu. Hakunishukuru, na angenishukuru ningechukia zaidi. Aliinuka akaenda jikoni, akasimama mbele ya kile kistoo, ambacho sasa kilikuwa na mlango mpya na mashelfu meupe. Akakifungua.

"Na michembe yangu?" akauliza bila kugeuka. "Nilikuwa nimewawekea watoto."

"Tuliila," nikamwambia, ingawa mimi sikuonja.