Visanduku vya Kioo vya Mama

Sebule yetu pale mtaa wa Jericho, jijini, ilikuwa finyu, ukikaa kwenye kochi magoti yanagusa meza, lakini ukuta mmoja ulikuwa wa mama peke yake. Hapo alikuwa ametundika visanduku vinne vya mbao vyenye kioo mbele. Baba, ambaye alitoka Ukambani na alikuwa mchongaji wa vinyago vya kuuzia watalii, alivitengeneza kwa mbao za masanduku ya chai. Ndani ya kila kisanduku mlikuwa na chumba kizima, kama nyumba ya mwanasesere: kitanda kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, kinu na mchi wake, jiko lililokatwa kutoka kwenye kopo, pazia la kipande cha kanga. Vya mbao alivichonga baba. Mama ndiye aliyevipanga, akivisogeza kwa ncha ya sindano hadi aridhike. Mgeni akiingia kwetu alipelekwa ukutani kwanza, chai baadaye.

Kisanduku cha nne kilikuwa tofauti. Vyombo vyake vilitoka ng'ambo: birika la kaure na vikombe vyake, taa yenye kofia ya kijani, cherehani ya chuma iliyotoshea kwenye kiganja changu. Mama alipewa na mwanamke wa Kizungu ambaye alikuwa akimlelea watoto kule Kilimani, siku familia ile ilipohama nchi.

Kisha ikaja Agosti ya 1982. Jumapili ya jaribio la mapinduzi tulikuwa tunavaa kwenda kanisani redio ilipokatiza nyimbo na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa, na hatukutoka nje tena. Mchana tuliona watu wakipita nyuma ya nyumba wamejitwika viti, na magodoro yakiwa bado kwenye nailoni. Mambo yalipotulia ndipo hofu yenyewe ilipoingia mtaani. Wanajeshi walianza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta mali iliyoporwa. Ukiwa na kitu kizuri unaulizwa risiti. Ukiikosa, unapanda lori.

Jirani yetu, mfanyakazi wa reli, alipandishwa lori kwa ajili ya redio ambayo mimi nilikuwa nikiisikia kupitia ukutani tangu nijue kusikia. Tulimwona dirishani, amekalishwa sakafuni mwa lori, mikono kichwani. Mkewe alisimama mlangoni na mwiko mkononi, kama mtu aliyesahau alichokuwa akipika.

Baba akageuka akautazama ukuta. Kwa sauti ya chini alimwambia mama kisanduku cha nne kitupwe chooni kabla hawajafika kwetu. Mama akakataa. Baba akasema basi kichomwe. Yule Mzungu hayuko, nani atakuja kushuhudia kwamba alivitoa mwenyewe? Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa nimewahi kumwona baba akimwomba mtu.

"Sikuviiba," mama alisema. "Nikivitupa ndiyo nitakuwa mwizi."

Hawakumaliza. Mlango uligongwa kwa kitu kigumu, wakaingia watatu. Mmoja alibaki mlangoni, mmoja akaenda chumbani, tukasikia godoro likianguka. Wa tatu, mtu mzima mwenye mvi kidogo kando ya masikio, alimwamuru baba apige magoti, kisha akasimama mbele ya ukuta. Alivitazama visanduku vitatu. Alipofika cha nne akauliza risiti.

Mama alieleza. Alieleza vizuri, lakini sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba, sikuitambua. Yule mwanajeshi akasema kila nyumba leo imepewa zawadi na Mzungu. Akamwambia akishushe. Mama alikishusha, vikombe vikigongana ndani.

Kisha yule mwanajeshi akanigeukia mimi.

"Wewe msichana. Hivi vililetwa lini hapa?"

Badala ya kujibu, nilikumbuka picha ya ubatizo wa mdogo wangu, iliyokuwa juu ya kabati la vyombo. Mdogo wangu sasa alikuwa mtoto wa kukimbia, tulikuwa tumempeleka kwa nyanya. Katika picha alikuwa mchanga mikononi mwa mama, na nyuma yao ukuta ulionekana na visanduku vyote vinne.

Nikaruka kuelekea kabatini. Nikasikia mtutu ukigeuka, na baba akisema, "Ni mtoto, afande, ni mtoto." Nilisimama na mkono hewani, kidole kikielekea picha. Maji ya moto yalinitiririka miguuni hadi kwenye soksi.

Yule mtu mzima aliichukua picha mwenyewe. Aliipeleka dirishani, akaisogeza karibu na macho. Akatazama taa ya kijani kwenye picha, akatazama taa ya kijani mikononi mwa mama. Alirudia hivyo mara kadhaa.

"Huyu mtoto mchanga yuko wapi?" aliuliza.

"Ushago, kijijini kwa nyanya yake," mama alijibu. "Ana miaka minne sasa."

Akairudisha picha juu ya kabati, polepole. Akaniambia nisiruke hivyo tena mbele ya mtu mwenye bunduki, wakatoka. Tulisikia wakigonga nyumba iliyofuata.

Baba alibaki amepiga magoti hata baada ya mlango kufungwa. Mama alinivua soksi, akaniosha miguu kwenye karai, halafu akavishusha visanduku vyote na kuvisukuma chini ya kitanda. Ukuta ulibaki na miraba minne myeupe.

Jirani alirudi baada ya majuma kadhaa, amekonda, redio haikurudi. Krismasi ilipokaribia na wageni kutoka Ukambani wakawa njiani, baba ndiye aliyetoa nyundo bila kuambiwa. Alitundika vitatu. Alipoinama kuchukua cha nne, mama alimshika bega, akamwambia kile akiache chini ya kitanda, mgeni asije akauliza kilitoka wapi.