Kapera wa Miaka Thelathini na Moja

Siku mjane wa mpiga tarumbeta alipoleta sketi ipunguzwe kiuno, Fundi alikuwa na sare arobaini za shule za kumaliza na hakuwa na nafasi ya soga. Mjane hakuja kwa soga. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akasema amekonda kwa kukosa usingizi, na usingizi umempotea kwa sababu ofisi ya pensheni imesema haimjui. Mumewe alipiga tarumbeta jeshini miaka ishirini, akastaafu, akafariki, na katika jalada lake imeandikwa kwamba hakuwahi kuoa. Karani alimpa pole, kisha akamuuliza yeye ni nani.

Fundi hakuacha kukanyaga cherehani, ila mshono ulikwenda upande. Marehemu huyo na mume wake walilala bweni moja kambini, na walioa mwaka mmoja.

Mume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Koplo, alikuwa uani akipaka viatu rangi. Aliendesha malori ya jeshi miaka ishirini na miwili, na kustaafu hakukumwondolea mazoea: viatu kila asubuhi, shuka lililonyooshwa likawa kama meza, na sanduku la bati lenye kufuli ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuona ndani yake. Mambo ya kambi hayavuki mlango wangu, alizoea kusema, na Fundi alilichukulia sanduku hilo kama sehemu ya ukuta. Leo alisimama mbele ya mumewe, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Baba watoto, jeshini uliniandika?"

Koplo aliendelea kusugua kiatu ambacho tayari kilikuwa kinang'aa. Mwanamke aliyekaa na mtu miaka thelathini na moja hahitaji jibu kubwa kuliko hilo.

Habari ilimtoka kwa vipande. Enzi zao askari hakuruhusiwa kuoa kabla ya kutimiza miaka sita ya utumishi, na aliyekamatwa ameoa alifukuzwa. Yeye alioa katika mwaka wa pili, kimyakimya, kwa msajili wa mji wa kina Fundi. Miaka sita ilipotimia alitaka kutoa taarifa, lakini cheti kilikuwa na tarehe, na tarehe ingemsema. Akaacha. Mwaka uliofuata akaacha tena. Alipostaafu, fomu ya uhakiki ya kila mwaka ilikuwa na mstari wa hali ya ndoa, naye kila mwaka aliandika kwa mwandiko mzuri: hajaoa. Aliiandika akiwa na watoto wanne, wa kwanza wao muuguzi.

"Kwa hiyo mimi nimelala na kapera muda wote huu," Fundi alisema. "Na mama yangu alinilea vizuri."

Hakucheka, wala Koplo hakuthubutu. Mwezi uliopita shinikizo la damu lilimlaza Koplo hospitali siku nne. Wote wawili walielewa kwamba angefumba macho wiki ile, Fundi angeketi mbele ya karani yuleyule na kuulizwa yeye ni nani.

Usiku huohuo aliomba ufunguo wa sanduku, akapewa. Ndani hakukuwa na siri yoyote ya vita. Palikuwa na mkanda, picha za malori, na kijitabu cha wastaafu ambacho hakijafunguliwa hata mara moja. Alikisoma siku mbili, kati ya sare na sare, akiweka vipande vya kitambaa kwenye kurasa alizozitaka. Mstaafu anapaswa kuijulisha ofisi, ndani ya siku tisini, kila ndoa, kila talaka, kila mtoto anayezaliwa na kila kifo. Asipojulisha, hesabu ya kosa ni yake, lakini njaa ni ya atakaowaacha. Maneno hayo ya mwisho hayakuwamo kijitabuni. Fundi aliyaongeza mwenyewe alipomsomea mumewe.

Shemeji yake, muuza vipuri vya pikipiki, alipopata habari alikuja na dawa. Aliona jambo ni jepesi kabisa. Waende kwa msajili mwezi huu, wafunge ndoa upya, wapate cheti kipya, wakipeleke ofisini kama maharusi. Hakuna uongo wa zamani utakaoonekana, na kaka yake hatavuliwa nguo mbele ya makarani. Koplo alianza kupumua. Kwa mara ya kwanza wiki ile alimaliza chai yake.

"Ukurasa wa kumi na nne, shemeji," Fundi alisema. "Mke aliyeolewa baada ya mume kustaafu hana fungu. Na hata angekuwa nalo, mimi si bibi harusi wa mwaka huu. Watoto wangu wanne walizaliwa ndani ya ndoa. Sitawatoa nje ya ndoa kwa karatasi ili kaka yako aepuke aibu."

Shemeji aliaga mapema.

Koplo bado aligoma. Alisema umri wake si wa kwenda kukiri mbele ya vijana kwamba alidanganya. Fundi alimjibu kwamba alidanganya akiwa na miaka ishirini na miwili, sasa ana hamsini na mitatu na bado anadanganya, kwa hiyo umri haujamsaidia kitu. Alikitoa cheti cha ndoa kwenye droo ya cherehani, akakitia ndani ya nailoni, na kila Koplo alipoketi kula, cheti kilikuwa kando ya sahani yake. Asubuhi, mchana na jioni, siku tisa. Siku ya kumi Koplo aliomba kalamu.

Kijitabu kilitaka maelezo kwa mkono wa mstaafu mwenyewe, na shahidi aliyekuwa mkubwa wake kazini. Mkubwa aliyebaki hai alikuwa Sajinimeja, mzee aliyewahi kuwatetemesha vijana mia mbili kwa kukohoa tu, na sasa alifuga kuku wa mayai. Koplo alikwenda na mkewe, akasimama wima mlangoni mwa banda, kofia mkononi, akaeleza yote bila kumeza neno. Mzee alimsikiliza huku akiokota mayai.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua, afande?"

"Kila mwisho wa mwezi uliomba ruhusa ukamtazame shangazi mgonjwa. Miaka minne. Shangazi gani huyo, hafi wala haponi?" Akampa Fundi trei ya mayai amshikie, akafuta mikono. "Nilisubiri uje mwenyewe. Umechelewa sana, Koplo. Lete hiyo karatasi."

Ofisini karani, binti wa rika la mtoto wao wa tatu, alisoma maelezo mara mbili. Hakuwadanganya. Alisema jambo litapelekwa kwenye bodi, kwamba pensheni inaweza kusimamishwa wakati wa uchunguzi, na kwamba kama mzee anataka kuyaondoa maelezo yake, muda wa kufanya hivyo ni sasa. Koplo alimtazama mkewe. Fundi hakumsaidia. Kuna mizigo ambayo mke mwema hambebei mumewe, na huu ulikuwa mmoja wao. Koplo akasaini.

Pensheni ilisimama miezi mitatu. Fundi alichukua sare za shule ya pili, na Koplo, bila kuambiwa, akajifunza kushona vifungo. Alivishona kwa mistari iliyonyooka kama gwaride.

Barua ilipofika ilikuwa na onyo kali, na malipo yalirudishwa. Koplo aliishika kwa mikono miwili, akashusha pumzi, akasema yamekwisha. Fundi alivaa miwani. Hali ya ndoa: ameoa. Jina la mke lilikuwa sahihi. Tarehe ya ndoa ilikuwa siku waliyopeleka maelezo.

"Hayajaisha," alisema. "Kwa tarehe hii nimeolewa na mstaafu, nami sina fungu."

Koplo alidhani jambo hilo lingengoja wiki ijayo. Halikungoja. Kesho yake saa mbili asubuhi walikuwa ofisini, Fundi amesimama dirishani, cheti mkononi, naye hakuketi mpaka karani alipofuta, akaandika upya, akagonga muhuri, na kumpa nakala aisome neno kwa neno. Akaisoma. Tarehe ilikuwa ile yenyewe, ya mwaka wa pili wa utumishi, tarehe iliyoogopwa miaka thelathini na moja.

Alidhani wangerudi nyumbani. Lakini Koplo, ambaye viatu vyake vilimulika sakafu nzima, alikuwa bado amesimama dirishani.

"Binti yangu," alimwambia karani, "mpiga tarumbeta alioa mwaka uleule. Nilikuwepo. Yeye hawezi tena kuandika maelezo, ila mimi naweza kuyashuhudia. Nipe fomu ya mashahidi, na nyingine nimpelekee Sajinimeja."

Karani alimpa zote mbili. Koplo alizikunja kwa uangalifu, lakini hakuzitia mfukoni. Alimkabidhi mkewe azisome kwanza.