Ngoma Moja kwa Nyumba na Kamio

Likizo ile nilipewa kazi ya kuitafutia nyumba njia. Ilikuwa nyumba kweli, ya mbao na bati, yenye vitanda viwili, jiko la chuma, pipa la maji na meza ya kuchorea, na ilijengwa juu ya magurudumu ili mhandisi wa barabara aishi ndani yake popote atakapotumwa. Ilikokotwa na kamio, kama tunavyoliita lori kwetu. Ilitakiwa ishuke kutoka Masisi hadi Walikale kabla ya mvua kubwa, kwa barabara iliyochimbwa kwa majembe ubavuni mwa milima na watu ambao hawakuwazia kwamba siku moja nyumba ingepita juu yake.

Miaka ya hamsini ilikuwa ikielekea mwisho. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza ya hesabu na kuanza ya pili, na watu wa namna yangu walihesabika kwa vidole. Mhandisi aliona kwamba msomi aliyezaliwa katika milima hii angemwokolea wiki nyingi za kupimapima. Nami niliona hivyo hivyo.

Nilikata mianzi, nikaifunga iwe fremu yenye upana na kimo sawa na vya nyumba ile, kisha vibarua wawili wakaishika huku na huku, tukaitembeza tangu Masisi mpaka karibu na Kibua. Tawi lililogusa fremu niliandika likatwe. Kona iliyoikwamisha niliandika ichongwe. Akina mama waliokuwa wakilima maharage juu ya barabara waliegemea majembe yao kututazama, na mmoja akaita kwamba mlango ameuona, nyumba je, iko wapi? Nilimjibu kwamba inakuja nyuma. Akamgeukia mwenzake na kumwambia kwamba masomo ya siku hizi yamekuwa mazito sana: mtu anaanza na mlango. Vicheko vyao vilitufuata hadi kona ya pili.

Mteremko wa kwenda Kibua ulikuwa mwembamba kiasi kwamba magari mawili hayakuweza kupishana. Kwa hiyo kulikuwa na kizuizi juu na kingine chini, kila kimoja kikiwa na mlinzi wake na ngoma ya mti. Gari likiingia, mlinzi wa juu alipiga pigo moja, na gari hilo likitoka, wa chini alijibu pigo moja. Yakiingia matatu, yalipigwa matatu, na ilibidi matatu yajibiwe kabla ya chochote kupanda kutoka chini. Ulikuwa utaratibu mzuri, nami sikupata kosa ndani yake, ingawa nililitafuta.

Kwa ajili ya nyumba niliongeza sharti moja. Kwa kawaida magari ya kushuka yalifuatana. Siku hiyo niliagiza gari lolote lisiruhusiwe kutufuata mpaka ngoma ya chini ijibu, kwa sababu katikati ya mteremko palikuwa na daraja la magogo, na nyumba ingelazimika kusimama hapo. Daraja lisingestahimili kamio na nyumba kwa pamoja. Mpango wangu ulikuwa kuifungua nyumba kabla ya daraja, kuweka mawe chini ya magurudumu yake, kuhamishia jiko, pipa na masanduku ndani ya kamio, kamio lishuke hadi Kibua kushusha mzigo, kisha lirudi likiwa jepesi na kuivuta nyumba kwa kamba ndefu ya chuma. Mahali pekee pa kugeuzia kamio palikuwa uwanjani, nje ya kizuizi cha chini. Ukurasa huo niliuandika mara tatu mpaka ukaniridhisha.

Mlinzi wa juu alikuwa mtu wa makamo, Mkristo, wa ukoo wa wakulima walioishi kwenye kilima kile kabla barabara haijakuwapo. Kazi yake ilimpa kijumba kando ya kizuizi na shamba la maharage nyuma yake. Asubuhi ya safari, kamio likiwa limesimama mbele yake na nyumba imefungwa nyuma, aliliangalia lote kwa urefu, akaja kwangu.

"Kaka, hapa minapiga moja ao mbili?"

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua, ama labda alijua. Nilimweleza kwamba injini ni moja, dereva mmoja, na vitu hivi vimeunganishwa kwa chuma, kwa hiyo havitofautiani na gari moja refu.

"Nyumba na kamio, moja?"

"Moja."

"Basi, moja. Weye njo mwenye kusoma."

Akapiga moja.

Dereva wetu, mtu wa jamii ya wafugaji wa milimani, alishuka polepole huku akilibembeleza kamio kama ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Tulifika darajani bila kuguswa hata na tawi. Tulihamisha mzigo, yeye akavuka na kuendelea peke yake, nami nikabaki na vibarua wawili na nyumba juu ya mawe yake. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta wake, nikapitia tena hesabu za kamba.

Baada ya muda ngoma ya chini ililia. Pigo moja. Niliisikia, na hilo ndilo ninalolirudia mpaka leo: niliisikia vizuri, nikafurahi kwamba kamio limefika salama, nikaandika saa katika daftari.

Sikuelewa mpaka niliposikia injini juu yetu. Mlinzi wa chini alikuwa ameona kamio likitoka, akajibu. Wa juu alikuwa amepokea jibu la pigo lake moja, akafungua. Nilikimbia kupanda, nikipunga daftari, na pale konani nikakutana na lori la maharage limejaa mpaka juu ya ubao. Dereva wake aliniona, akaona nyumba nyuma yangu imeziba barabara nzima, akakata usukani kuelekea ukuta wa mlima. Lori lilipanda ukuta kwa gurudumu moja, likalala ubavu. Magunia yalipasuka. Maharage yaliteremka barabarani, mengi mno, yakapita miguuni mwangu na kusimama kwenye mawe ya nyumba. Nyumba haikuguswa.

Mguu wa dereva ulikuwa umevunjika chini ya goti. Tulipomtoa aliuliza neno moja tu kati ya maumivu yake: nani alifungua? Kibarua mmoja akasema ni mlinzi wa juu. Mimi nilikuwa nimemshika kichwa. Niliwaambia vibarua watafute machela.

Kwa hiyo jibu hilo ndilo lililokwenda mbele yetu. Dereva alibebwa kwa machela hadi zahanati ya misheni. Nyumba ilivutwa jioni ileile kama nilivyopanga, na mpango ulifanya kazi bila dosari, jambo lililonichosha kuliko yote. Kesho yake ilijulikana kwamba mlinzi aliyefungua kizuizi nyumba ikiwa bado njiani ataondolewa, pengine atapelekwa kwenye kikosi cha wavunja mawe, na kijumba na shamba vitapewa mwingine. Maharage yake yalikuwa bado hayajakauka.

Dereva wetu alinifuata nilipokuwa nikifunga vitu vyangu. Alisema alikuwa usukanini na alisikia maneno yote kati yangu na mlinzi. Nilimwambia najua.

"Unajua," alisema, "lakini unakaa."

Sikukaa. Nilikwenda Lushebere kwa shangazi yangu, nikaanza kuandika ripoti. Niseme ukweli kwamba sikukusudia kuficha kitu. Nilitaka kila sababu ipate uzito wake unaostahili: breki za lori, mzigo wake, kona, ukungu wa asubuhi, amri ya kutofuatwa, mahali pa kugeuzia, na ngoma. Siku ya kwanza niliandika kurasa nane. Siku ya pili nilizifuta na kuandika sita. Kila nilipofika kwenye pigo moja niliona kwamba sentensi iliyotangulia haijakaa sawa, nikarudi nyuma kuinyoosha. Shangazi aliweka chakula mlangoni na kukiondoa kilivyokuwa.

Siku ya tatu mke wa mlinzi alikuja. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Shangazi alimkaribisha kiti na maziwa. Maziwa aliyapokea, kiti alikikataa. Aliniuliza kama ile karatasi ni ndefu. Nikasema ni ndefu kidogo.

"Papa, ile neno ulimuambia bwana yangu, iko ndani?"

Nilisema imo. Aliniomba nimsomee. Nilitafuta ukurasa wa tano, nikasoma mahali nilipoandika kwamba mlinzi wa juu alifuata tafsiri ya maelekezo ambayo, kwa kuzingatia muungano wa vyombo viwili, haikubainisha hali ya kutenganishwa kwao. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango wa jirani.

"Sijasikia moja," alisema.

Nilianza kueleza. Akanikatiza kwa kutikisa kikombe kilichokwisha maziwa.

"Andika: miye njo nilisema moja. Kisha simama."

Niliandika mistari minne kwenye karatasi moja. Mlinzi aliniuliza apige moja au mbili. Nilimwambia moja. Mimi ndiye niliyepanga kamio litoke bila nyumba. Alifungua kwa sababu alitii. Kesho yake asubuhi niliipeleka Masisi.

Mhandisi aliisoma akiwa amesimama. Alisema ni karatasi ya mtu mwaminifu. Kisha akaniambia kwamba barua ya kumwondoa mlinzi ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi jana yake, na kwamba mlinzi mpya alikuwa ameondoka alfajiri. Angeambatanisha maneno yangu ili mtu yule asipelekwe kuvunja mawe. Hilo aliweza kuniahidi. Kizuizi hakuweza kumrudishia. Akaniuliza, bila ukali, mistari minne ilinichukuaje siku nne. Nilifungua kinywa, nikaona kwamba nilikuwa naanza na breki za lori, nikakifunga.

Mchana nilifika kizuizini. Mlinzi mpya alikuwa amekaa kwenye benchi, ameikumbatia ngoma, hajui macho yake ayaweke wapi. Nyuma ya kijumba, yule wa zamani na mkewe walikuwa waking'oa maharage mabichi, mashina na yote. Nilimwambia habari ya mawe, kwamba ameepushwa nayo, na habari ya shamba. Alisema shamba siku zote hufuata kizuizi, hilo alilijua. Niliapa kwamba nitaandika tena, kwa wakubwa zaidi.

"Usiandike, kaka," alisema. "Utakawia."

Mkewe alicheka, cheko fupi, la kwanza nililomsikia. Mimi sikuweza.

Alichokihitaji mumewe ni kitu kingine. Walikuwa wanakwenda kwa kaka yake mkubwa kuomba kipande cha kilima, na huko habari zilikuwa zimefika kwamba alilewa na kulala kazini. Kwa maisha yake yote hakuwa ameonja pombe. Aliniomba nimwandikie karatasi ileile, awe nayo mkononi atakapopiga hodi. Niliiandika juu ya benchi, na mlinzi mpya akaishika pembeni upepo usiichukue. Katika mstari wa tatu niliona neno ambalo lingeweza kukaa vizuri zaidi. Nililiacha.

Nilimsomea. Akaniambia nirudie mahali pa moja, nikarudia. Kisha akamwambia mlinzi mpya, kwa sauti ya mtu anayekabidhi funguo, kwamba kitu kinachoweza kufunguliwa njiani kipigiwe mbili, hata mwenye kusoma akisema nini.

Waliondoka na mizigo yao, nami nikabeba godoro. Hatukuwa tumekwenda mbali gari moja lilipotupita likielekea kizuizini. Mlinzi wa zamani alitua mzigo wake wa maharage, akasimama. Ngoma ya juu ikalia, pigo moja. Akakaa kwenye majani. Mkewe akakaa pia, hakumharakisha, nami nikakalia godoro. Mvua ilianza kidogo kidogo. Jibu la chini lilichukua muda mrefu kufika, na lilipofika lilikuwa dogo sana, pigo moja, upande wa pili wa bonde. Ndipo alipojitwika mzigo.